Msimbo Hufuata Neno: Uandishi wa Kumbukumbu na Uwekaji wa Misimbo kwa Mgonjwa wa Shinikizo Kali la Damu

Ndugu mwenyekiti, waheshimiwa madaktari, wauguzi, watunza kumbukumbu za wagonjwa na waweka misimbo wenzangu, nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kusimama mbele yenu. Nimeombwa nizungumzie namna tunavyoandika kumbukumbu na kuweka misimbo kwa mgonjwa aliyefika hospitalini akiwa na shinikizo kali la damu. Nimeipokea kazi hii kwa moyo mkunjufu, kwa sababu kwa miaka mingi nimekaa upande wa pili wa jalada, nikisoma yale ambayo wengine waliyaandika usiku wa manane, na mara nyingi nimeona jinsi tiba nzuri inavyopotea katika sentensi moja iliyoandikwa kwa haraka.

Nianze na jalada moja ambalo sijalisahau. Mgonjwa alikuwa mwanamume wa makamo, aliyeletwa usiku na ndugu zake akiwa amechanganyikiwa, analalamika kuumwa kichwa na kuona ukungu. Muuguzi alimpima shinikizo akapata 228/134, akapima mkono wa pili akapata namba zinazokaribiana na hizo, akaandika saa ya kila kipimo. Majibu ya maabara yalionesha kreatinini, kipimo cha damu kinachoonesha hali ya figo, mara mbili ya ile iliyokuwa imeandikwa miezi mitatu kabla. Daktari wa zamu alianza dawa kwa njia ya mshipa, akamhamishia kwenye chumba cha wagonjwa mahututi, akakaa karibu naye mpaka alfajiri, na kufikia siku ya pili mgonjwa alikuwa akizungumza na kuwatambua watoto wake. Alipotoka siku ya 5, muhtasari wa kuruhusiwa ulisema hivi: presha ya kupanda, ametibiwa, anaendelea vizuri. Kwa maneno hayo jalada lilipewa msimbo I10, yaani alama ya herufi na namba inayosimama badala ya shinikizo la juu la damu la kawaida, ule ule anaopewa mtu aliyekuja kuchukua dawa zake za mwezi akiwa na 142/88 na mwili wake wote ukiwa salama.

Mtu asiyeijua kazi yetu anaweza kuuliza kwa nini mweka misimbo hakuitazama ile 228/134, akaitazama kreatinini, akatambua mwenyewe kwamba ile ilikuwa dharura. Jibu ni kwamba haruhusiwi. Mwongozo rasmi wa ICD-10-CM, ambalo ni toleo linalotumika Marekani la ICD, yaani orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa, unasema wazi kwamba msimbo wa ugonjwa hutolewa kwa kufuata tamko la mtoa huduma kwamba ugonjwa huo upo. Namba ya kipimo haiwi utambuzi mpaka mwenye mamlaka ya kutambua ugonjwa aiandike kwa neno. Mimi naweza kuona 228/134 na moyo wangu ukaenda mbio, lakini kalamu yangu haina ruhusa ya kusema dharura kama ya daktari haikusema. Naomba madaktari mlioko hapa mlishike jambo hili kuliko mengine yote nitakayosema, kwa sababu karibu makosa yote ninayoyaona katika majalada ya shinikizo kali yanaanzia hapo.

Tuangalie sasa misimbo yenyewe. Katika ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani, magonjwa ya shinikizo la damu yamewekwa kuanzia I10 hadi I15. I10 ni shinikizo lisilo na chanzo kingine kinachojulikana, I11 ni ugonjwa wa moyo utokanao na shinikizo, I12 ni ugonjwa wa figo utokanao na shinikizo, I13 ni pale moyo na figo vimeathirika pamoja, na I15 ni shinikizo linaloletwa na ugonjwa mwingine, kama vile kusinyaa kwa mshipa wa figo au uvimbe wa tezi iliyo juu ya figo. Hakuna pale mahali pa kusema kwamba shinikizo la mtu huyu limefika usiku huu katika kiwango cha kumuua. Toleo jipya, ICD-11, lililoanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022, limeipa hali ya hatari ya shinikizo msimbo wake, BA03. Katika yote haya, ICD-10-CM ndiyo ninayoifahamu zaidi, na ndiyo nitakayoitumia katika mifano yangu.

Historia yake ina funzo. Katika toleo lililotangulia, ICD-9-CM, shinikizo liligawanywa kuwa la hatari, 401.0, la kawaida, 401.1, na lisilofafanuliwa, 401.9. Mgawanyo huo ulikuwa umechakaa, kwa kuwa madaktari walikuwa wameacha kuliita shinikizo lolote kuwa la kawaida katika maana ya kutodhuru, na majalada mengi yakawa yanaangukia katika lile lisilofafanuliwa. Marekani ilipohamia ICD-10-CM tarehe 1 Oktoba 2015, mgawanyo ule uliondolewa wote na kila kitu kikaingia I10, hata shinikizo lile ambalo vitabu vya zamani viliita la kuua. Kwa mwaka mzima hapakuwa na msimbo wa kumtenga mgonjwa wa dharura na mgonjwa wa kliniki. Tarehe 1 Oktoba 2016 ndipo ukaja I16 pamoja na matawi yake matatu: I16.0 kwa hali ya haraka, ambapo shinikizo limepanda kupita kiasi lakini hakuna kiungo kinachoonesha kudhurika papo hapo, I16.1 kwa dharura, ambapo ubongo, moyo, figo, macho au aota, yaani mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, vimeanza kudhurika, na I16.9 kwa hali ya hatari ambayo mwandishi hakusema ni ipi kati ya hizo mbili. Tarehe 1 Oktoba 2023 uliongezwa I1A.0 kwa shinikizo sugu lisilotii dawa.

Kipimo kinachotajwa mara nyingi ni 180/120, na wengi wetu tumekizoea kana kwamba ndicho kinachoamua. Hakiamui. Kinachotenga I16.0 na I16.1 ni hali ya viungo, na hapo ndipo daktari anapohitajika aandike alichokiona. Mtu aliyeishi na shinikizo la juu kwa miaka 20 anaweza kuja na 215/125, akapimwa moyo, figo na macho, akakutwa hana jeraha jipya, akaanzishiwa tena dawa zake za kumeza na kupangiwa kurudi baada ya siku chache. Mtoto mwenye ugonjwa wa ghafla wa figo, au mwanamke mjamzito ambaye shinikizo lake siku zote lilikuwa la chini, anaweza kupata degedege akiwa na namba ambazo kwa mtu wa kwanza zingeonekana nafuu. Ubongo na mishipa hujizoeza polepole. Kinachowadhuru zaidi wale wasiozoea ni kasi ya kupanda.

Tofauti hii inabadilisha tiba, na kwa sababu hiyo inapaswa kuonekana katika maandishi. Kwenye dharura, mwongozo wa jumla kwa mtu mzima ni kushusha wastani wa shinikizo kwa kiasi kisichozidi asilimia 25 katika saa ya kwanza, kisha kulipeleka karibu na 160/100 katika saa 2 hadi 6 zinazofuata, na baadaye kulirudisha taratibu kwenye kawaida katika siku moja au mbili. Kuchanika kwa ukuta wa aota kuna masharti yake makali zaidi. Mgonjwa ambaye viungo vyake ni salama hahitaji mbio hizo, na kumshusha ghafla kunaweza kumletea kile kile tulichokuwa tunakiogopa, yaani kiharusi, kwa kuwa ubongo uliozoea shinikizo kubwa hukosa damu pale linapoporomoka. Mkaguzi anayesoma jalada lenye dawa ya mshipa na chumba cha wagonjwa mahututi, lakini lenye utambuzi wa presha ya kupanda tu, ana haki ya kuuliza kwa nini mgonjwa huyu alitibiwa kwa nguvu kiasi kile. Daktari aliyemtibu sawasawa anajikuta anajitetea kwa kosa ambalo hakulifanya.

Sasa niyataje maneno yanayotuangusha. La kwanza ni presha isiyodhibitiwa. Mwongozo wa misimbo unatambua kwamba neno hilo linaweza kuwa na maana ya shinikizo ambalo halijatibiwa au ambalo halijaitikia tiba, na kwa vyovyote linampeleka mweka misimbo kwenye aina ya shinikizo aliyonayo mgonjwa, mara nyingi I10. Haliwezi kuzaa I16 hata likipigiwa mistari mitatu. La pili ni imepanda sana, ambalo ni maelezo ya namba na halina utambuzi ndani yake. La tatu linanipa shida zaidi, kwa sababu linatoka kwa madaktari wanaosoma na kujiendeleza: mwongozo wa tiba wa Marekani uliotolewa 2025 umeiacha istilahi ya hali ya haraka, na kwa mgonjwa mwenye zaidi ya 180/120 asiye na jeraha jipya la kiungo unasema shinikizo kali. Kitabibu naona wamefanya jambo la busara, kwani jina la zamani liliwasukuma watu kukimbilia sindano pasipo sababu. Lakini neno kali peke yake halimfikishi mweka misimbo kwenye I16.0. Mpaka lugha ya wodini na lugha ya kitabu cha misimbo zikutane, daktari anayetaka hali hiyo ionekane itamlazimu aieleze kikamilifu: kwamba shinikizo lilifika kiwango cha hatari, kwamba alitafuta dalili za viungo kudhurika, na kwamba hakuziona. Sentensi ya namna hiyo inampa mweka misimbo msingi wa kuuliza swali la ufafanuzi, na daktari atakayemwona mgonjwa kesho hatakuwa na haja ya kubahatisha.

Kuna jambo lingine linalowachanganya hata waweka misimbo wazoefu. ICD-10-CM inachukulia kwamba shinikizo la damu na moyo kushindwa kufanya kazi vina uhusiano, na vivyo hivyo shinikizo na ugonjwa sugu wa figo, hata kama daktari hakuandika kwamba kimoja kimesababisha kingine. Mgonjwa mwenye shinikizo na moyo ulioshindwa atapewa I11.0 ukifuatwa na msimbo wa kundi la I50 unaotaja aina ya kushindwa huko. Mwenye shinikizo na ugonjwa sugu wa figo atapewa I12 na msimbo wa N18 unaotaja hatua ya ugonjwa. Mwenye vyote viwili atapewa I13. Dhana hiyo inavunjwa tu pale daktari anapoandika kwamba havihusiani. Wengi wakishaijua kanuni hii huidhania kuwa inavifunika viungo vyote. Haifuniki. Kiharusi hakiunganishwi na shinikizo kwa kudhaniwa, kuchanika kwa aota hakuunganishwi, jeraha la ghafla la figo haliunganishwi, wala kuchanganyikiwa kwa mgonjwa hakuwi ugonjwa wa ubongo utokanao na shinikizo kwa sababu tu vyote viwili vimeandikwa katika ukurasa mmoja. Hapo lazima daktari aandike kiunganishi: kutokana na, kwa sababu ya, iliyosababishwa na. Maneno madogo haya ndiyo yanayobeba jalada zima la dharura ya shinikizo, na ndiyo yanayokosekana mara nyingi kuliko yote.

Naomba mniruhusu nitoke kidogo wodini nitaje mgonjwa mmoja wa historia, kwa kuwa jalada lake linafundisha. Mwezi Machi 1944 daktari wa moyo wa jeshi la majini la Marekani, Howard Bruenn, alimchunguza Rais Franklin Roosevelt na kupata shinikizo la 186/108. Kumbukumbu za nyuma zilikuwa zimeonesha 136/78 mwaka 1935 na 188/105 mwaka 1941, kwa hiyo njia ya ugonjwa ilikuwa imeandikwa kwa yeyote ambaye angezipanga namba zile kwa mfuatano. Bruenn hakuishia kwenye namba. Aliandika kwamba mgonjwa ana shinikizo la juu la damu, ana ugonjwa wa moyo utokanao na shinikizo, na moyo wake umeshindwa kufanya kazi. Ukimpa mweka misimbo wa leo maneno yale, hatauliza kitu kikubwa zaidi ya aina ya kushindwa kwa moyo, ataandika I11.0 na kuendelea. Tarehe 12 Aprili 1945 Roosevelt alishikwa na maumivu makali ya kichwa akapoteza fahamu, shinikizo likapimwa 300/190, akafariki siku hiyo hiyo kwa kuvuja damu ubongoni. Jalada lake lililokuwa katika hospitali ya jeshi la majini lilitoweka baada ya kifo chake, na maelezo kamili ya kitabibu ya mwaka wake wa mwisho yalikuja kujulikana mwaka 1970, Bruenn alipoyachapisha kutokana na kumbukumbu alizokuwa amezihifadhi mwenyewe. Kila ninapofundisha vijana wanaoanza kazi hii huwapa maneno ya Bruenn wayawekee misimbo, kisha huwauliza wangefanya nini kama wangepewa namba tu.

Turudi kwenye I16. Msimbo huu hausimami peke yake. Mwongozo unataka uambatane na aina ya shinikizo aliyonayo mgonjwa, iwe I10, I11, I12, I13 au I15, na utangulizi wa kipi kiandikwe kwanza hutegemea sababu iliyomleta. Mgonjwa aliyelazwa kwa kuvuja damu ubongoni, I61, huku daktari ameandika dharura ya shinikizo, atakuwa na misimbo mitatu au zaidi, na kila mmoja una kazi yake ya kueleza: kilichoharibika, ukali wa usiku ule, na ugonjwa ambao amekuwa nao siku zote. Ukiuondoa wa katikati, jalada litasomeka kama kiharusi kilichokuja chenyewe kwa mtu mwenye presha yake ya kawaida. Na kama mtu amepimwa mara moja akakutwa na shinikizo la juu, hajawahi kuambiwa ana ugonjwa huo, na daktari hajaandika utambuzi, msimbo sahihi ni R03.0, kipimo cha juu bila utambuzi. Nasisitiza hili kwa sababu kumbandika mtu ugonjwa wa maisha kwa kipimo kimoja, pengine kilichochukuliwa kwa mkanda wa kupimia ulio mdogo kuliko mkono wake au akiwa katika maumivu makali, ni kumdhulumu.

Ndiyo maana sikubali kwamba kazi ya kumbukumbu inaanza kwa daktari. Inaanza kwa muuguzi anayefunga mkanda. Mkanda mdogo hupandisha namba, mkono unaoning'inia hupandisha namba, mgonjwa anayezungumza au aliyebanwa na mkojo namba yake hupanda. Kipimo kilichoandikwa pamoja na saa, mkono uliotumika, mkao wa mgonjwa na marudio yake kinaweza kutetewa mbele ya yeyote. Kipimo kilichonakiliwa kutoka ukurasa wa jana hakitetewi. Katika mifumo ya kompyuta nimeona 228/134 ya saa ya kwanza ikijirudia katika maelezo ya siku ya tatu na ya nne, wakati chati ya muuguzi inaonesha 148/90, kwa sababu tu mtu alinakili aya nzima na kuibandika. Anayesoma anajiuliza kama mgonjwa alitelekezwa siku tatu.

Sehemu ninayoiona kuwa tajiri zaidi, na iliyopuuzwa zaidi, ni sababu iliyolifanya shinikizo lipande. Wagonjwa wengi wa dharura walikuwa tayari wanajulikana kuwa na ugonjwa na walikuwa na dawa. Kitu fulani kilikatika. Katika majalada hukuta maneno mawili tu: hafuati dawa. Maneno hayo yanamhukumu mgonjwa na hayatufundishi lolote. ICD-10-CM ina misimbo ya kutumia dawa pungufu, na imegawanywa kwa kundi la dawa: dawa zinazozuia kalsiamu ziko T46.1, zile za kundi la enalapril ziko T46.4, zile zinazotuliza moyo kama propranolol ziko T44.7, na klonidini, dawa nyingine ya kushusha shinikizo, iko T46.5. Bila jina la dawa, msimbo hauwezi kupatikana. Na jina la dawa lina uzito wa kitabibu pia, kwa kuwa mtu aliyeacha klonidini ghafla anaweza kurushwa juu na shinikizo kwa sababu ya kule kuacha kwenyewe, na daktari wa zamu anahitaji kulijua hilo kabla ya kuchagua sindano.

Kisha unafuata msimbo wa sababu. Mtu aliyepunguza dawa kwa makusudi kwa kukosa fedha ana msimbo wake, Z91.120, ulio mbali na wa yule aliyesahau kwa sababu ya uzee na wa yule aliyeacha kwa sababu nyingine. Nimekaa na ndugu wa wagonjwa nikawasikia wakieleza jinsi kidonge kimoja kilivyokatwa vipande viwili ili kitoshe mwezi, kisha nikafungua jalada nikasoma kwamba mgonjwa ni mkaidi. Ningependa kila anayechukua historia ya mgonjwa wa shinikizo kali aulize maswali matatu kwa upole: ulikuwa unatumia dawa gani, uliimeza mara ya mwisho lini, na nini kilikuzuia. Majibu yake yakiandikwa kama alivyoyasema, yataingia katika misimbo, yatahesabiwa, na wanaopanga huduma watapata takwimu zinazoonesha ni wangapi walifika mahututi kwa kukosa fedha. Yasipoandikwa, wote wanahesabiwa kuwa wakaidi.

Kuhusu wajawazito nitasema kwa ufupi, kwa sababu kanuni zake ni wazi. Misimbo ya sura ya ujauzito, inayoanza kwa herufi O, hutangulia mingine yote. Shinikizo alilokuwa nalo mwanamke kabla ya mimba ni O10, dalili kali zinazotangulia kifafa cha mimba ni O14.1, na kifafa chenyewe ni O15. Kiwango kinachohesabiwa kuwa kikali hapa ni 160/110, na likidumu kwa dakika 15 linapaswa kutibiwa ndani ya dakika 30 hadi 60. Kwa hiyo saa ya kipimo cha kwanza, saa ya kipimo cha pili na saa ya dawa lazima zionekane katika maandishi, na umri wa mimba pia. Hatari haiishi mtoto akizaliwa. Mwanamke aliyejifungua wiki iliyopita akaja na maumivu ya kichwa na 170/112 asiulizwe tu kuhusu kichwa, aulizwe pia amejifungua lini, na jibu liandikwe.

Niguse kifo, ingawa ni jambo zito. Katika kanuni za ICD-10 za kuchagua chanzo cha kifo, shinikizo la I10 likitajwa pamoja na ugonjwa wa mishipa ya ubongo au ugonjwa wa mishipa ya moyo, chaguo huhamia kwenye ugonjwa wa ubongo au wa moyo. Takwimu za vifo chini ya I10 kwa hiyo huonekana ndogo, huku ugonjwa wenyewe umejificha ndani ya safu za viharusi na mioyo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wazima bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wanaishi na shinikizo la juu, na kwamba karibu nusu yao hawajui. Kanuni hatuwezi kuibadilisha tukiwa hapa, lakini tunaweza kuandika mnyororo wote katika hati ya kifo, kila kiungo katika mstari wake, kwa sababu leo wanaochambua takwimu wanaweza kusoma visababishi vyote vilivyotajwa, maadamu vimetajwa. Hati inayosema moyo kusimama, basi, haimsaidii yeyote aliyebaki hai.

Waweka misimbo wenzangu, nina neno kwetu pia. Tunapoona jalada lenye dalili zote za dharura lakini lisilo na neno, wajibu wetu ni kuuliza, na tuulize kwa uaminifu. Swali la ufafanuzi linaweka mbele ya daktari yale yaliyomo katika jalada, yaani vipimo, dalili, maabara na dawa, kisha linamwachia nafasi ya kusema ni nini, pamoja na nafasi ya kusema kwamba haiwezi kuamuliwa. Swali linalosema tafadhali thibitisha kwamba hii ilikuwa dharura ni kumwekea daktari maneno kinywani. Najua kwamba katika mifumo mingi ya malipo misimbo hii huongeza uzito wa jalada, na najua shinikizo linalotoka kwa wenye hesabu. Mgonjwa aliyekuja na 190/110, akapumzishwa, akapewa kidonge na kurudi nyumbani hakuwa na dharura, na kumwandikia dharura ni uongo utakaomfuata katika kila hospitali atakayoingia.

Lile jalada nililoanza nalo nililirudisha kwa daktari wake. Nilimwandikia vipimo viwili vya muuguzi na saa zake, hali ya fahamu kama ilivyoelezwa usiku ule, kreatinini ya kabla na ya baada, na dawa aliyoitoa, nikamwomba afafanue utambuzi uliohitaji tiba ile. Alijibu siku hiyo hiyo kwa maandishi ya mkono wake, kwamba mgonjwa alikuwa na dharura ya shinikizo la damu, yenye kuathirika kwa ubongo na jeraha la ghafla la figo, vyote viwili vikitokana na shinikizo hilo, baada ya kukosa dawa kwa wiki tatu. I10 ilibaki mahali pake, lakini sasa ikiwa pamoja na I16.1 ya dharura, I67.4 ya ubongo na N17.9 ya figo. Miezi kadhaa baadaye mgonjwa yule aliletwa tena, mchana, akiwa na maumivu ya kichwa tu na 196/118. Daktari aliyempokea hakuwa amewahi kumwona. Alifungua jalada, akasoma mstari ule, akaagiza kreatinini na uchunguzi wa macho kabla ya kufikiria kumruhusu, kisha akamgeukia mkewe akamuuliza kama dawa bado zilikuwapo nyumbani.